Kujiandaa na mtihani wa Vita Kuu za Dunia: mpango wa wiki mbili kwa mwanafunzi wa sekondari

Kuna mwanafunzi aliniletea daftari lake la Historia wiki chache kabla ya mtihani wa majaribio. Ukurasa mzima ulijaa sababu nane za Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kila moja imepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Nikamwambia afunge daftari anitajie. Akazitaja zote nane, tena kwa mpangilio uleule. Ndipo nikamuuliza, "Haya, mrithi wa Austria kauawa na kijana wa Bosnia. Sasa Mjerumani kilimpeleka nini Ubelgiji?" Akaniangalia, akaliangalia daftari. "Mwalimu, hilo halipo kwenye notisi."

Lilikuwepo. Alikuwa amelitaja mwenyewe kwenye hoja ya pili, ile ya miungano ya kijeshi, ila hakujua kwamba hoja ya pili na hoja ya nane ni kisa kimoja. Mada hii ndivyo inavyowaangusha wengi: wanaibeba kama kuni zisizofungwa kamba, na moja ikidondoka barabarani zote zinafuata. Mpango huu ni wa wiki mbili, saa moja na nusu hadi mbili kwa siku, na kazi yake kubwa ni kufunga hiyo kamba.

Siku ya 1: Jua mada inaanzia wapi na inaishia wapi

Chukua silabasi na mitihani iliyopita ya miaka mitano. Usijibu chochote leo, soma tu. Utaona vita hivi haviji peke yake. Kwa Tanzania, katika silabasi iliyozoeleka, vinafundishwa pamoja na mdororo mkuu wa uchumi na kuzuka kwa Ufashisti na Unazi. Kwa Kenya vinafuatana na Shirikisho la Mataifa (chombo cha kulinda amani kilichotangulia Umoja wa Mataifa), Umoja wa Mataifa wenyewe na Vita Baridi. Maana yake, anayesoma mapigano peke yake ameacha nusu ya mada.

Pembeni mwa kila swali andika kitenzi chake: taja, eleza, linganisha, panga kwa mfuatano, chora ramani. Swali la kutaja linataka mstari mmoja kwa kila hoja, na la kueleza linataka hoja pamoja na ushahidi wake. Nimesahihisha karatasi za watoto waliojua kila kitu wakapata nusu ya alama kwa sababu walitaja walipotakiwa kueleza.

Siku ya 2 na 3: Tarehe kumi na mbili

Tarehe ziko nyingi, lakini kumi na mbili zinatosha kukusimamishia nyumba nzima. Kata kadi kumi na mbili, hata za boksi la sabuni. Upande mmoja andika tarehe, upande wa pili andika kilichotokea na kilichofuata kwa sababu yake.

Anza na hizi mbili: 28 Juni 1914, siku Franz Ferdinand alipouawa Sarajevo, na 28 Juni 1919, siku Ujerumani ilipotia saini Mkataba wa Versailles. Tarehe ileile, mwezi uleule, miaka mitano kamili katikati. Ukishika moja umeshika zote mbili. Kati yake weka 6 Aprili 1917, Marekani inaingia vitani, na 11 Novemba 1918, silaha zinawekwa chini. Hii ya mwisho ni rahisi, siku ya 11 ya mwezi wa 11, saa 11 kwa saa ya Kizungu. Kwa hesabu yetu ni saa tano asubuhi, basi angalia usije ukaandika saa kumi na moja jioni.

Kisha miaka ya katikati: Oktoba 1929, soko la hisa la New York linaporomoka, 30 Januari 1933, Hitler anakuwa kansela, 3 Oktoba 1935, Italia inaivamia Ethiopia. Halafu 1 Septemba 1939, Ujerumani inaingia Poland. Mwaka 1941 una kadi mbili, nazo zikae pamoja: 22 Juni Hitler anaivamia Urusi ya Kisovieti, na 7 Desemba Japani inashambulia Pearl Harbor, kambi ya wanamaji wa Marekani. Kabla ya mwaka huo Uingereza ilikuwa karibu peke yake. Mwaka ulipokwisha, Wasovieti na Wamarekani walikuwa upande wake. Za kufungia ni 8 Mei 1945, Ujerumani imeshindwa, na 6 Agosti 1945, bomu la atomiki Hiroshima.

Changanya kadi, zipange mezani bila kutazama nyuma. Rudia asubuhi kabla ya shule. Siku ya tatu utazipanga chini ya dakika mbili.

Siku ya 4: Simulia siku 37

Hapa kaa muda mrefu. Kutoka 28 Juni hadi 4 Agosti 1914 ni siku 37, na ndani yake kuna karibu kila sababu utakayoulizwa.

Ilikuwa Jumapili. Asubuhi ile bomu lilikuwa limeshatupwa kwenye msafara wa Franz Ferdinand, likamkosa, likajeruhi watu wa gari la nyuma. Baadaye njia ya msafara ikabadilishwa, lakini dereva hakuambiwa. Akakata kona ileile ya zamani karibu na daraja la Kilatini, akaambiwa siyo huku, akasimamisha gari ili arudi nyuma. Hapo kwenye kona alikuwa amesimama Gavrilo Princip, kijana wa miaka 19. Risasi mbili, na Franz Ferdinand na mkewe Sophie wakafa.

Sasa fuata kamba, kwa sauti, kama unamsimulia mdogo wako. Austria-Hungaria inailaumu Serbia na kuipa masharti mazito tarehe 23 Julai. Serbia inakubali mengi ila si yote. Tarehe 28 Julai Austria inatangaza vita. Urusi, inayojiona mlezi wa Waslavi wa Balkani, inakusanya majeshi. Ujerumani, mshirika wa Austria, inatangaza vita dhidi ya Urusi tarehe 1 Agosti na dhidi ya Ufaransa, mshirika wa Urusi, tarehe 3. Na Ubelgiji je? Majenerali wa Ujerumani hawakutaka kupigana pande mbili kwa wakati mmoja. Mpango wao uliokuwa kabatini miaka mingi ulisema Ufaransa ipigwe kwanza, upesi, kwa kupitia Ubelgiji, kisha jeshi ligeuke kuikabili Urusi. Uingereza ilikuwa imeahidi tangu mkataba wa 1839 kuilinda Ubelgiji isiyo na upande. Tarehe 4 Agosti Wajerumani wanavuka mpaka, na Uingereza inaingia vitani.

Ukiweza kusimulia aya hii bila daftari, swali nililomuuliza yule mwanafunzi halitakushinda. Ukikwama, angalia umekwamia nchi gani. Mara nyingi ni Urusi, kwa sababu wengi huisoma kama jina tu kwenye orodha.

Siku ya 5: Zifunge sababu za muda mrefu kwenye kamba

Kila hoja ya mwalimu wako ipeleke kwenye kisa cha jana, uulize iliingilia wapi. Miungano: Ujerumani, Austria-Hungaria na Italia tangu 1882, upande wa pili Ufaransa na Urusi, kisha Uingereza ikapatana na Ufaransa 1904 na Urusi 1907. Hiyo ndiyo iliyofanya ugomvi wa wawili uwe wa watano. Kugombea makoloni: migogoro ya Moroko ya 1905 na 1911 iliwasogeza Waingereza na Wafaransa karibu zaidi. Mbio za silaha: Uingereza ilishusha manowari Dreadnought mwaka 1906, Ujerumani ikajibu kwa kujenga zake. Utaifa: Austria kuitwaa Bosnia 1908, na Wafaransa kutosahau Alsace na Lorraine, majimbo waliyonyang'anywa na Ujerumani 1871.

Kuuawa kwa Franz Ferdinand kuandike kama kisababishi cha papo hapo. Ukikiweka sawa na vingine, msahihishaji anaona hukutofautisha kiberiti na nyasi kavu.

Siku ya 6: Mapigano yenyewe, kwa ufupi

Hapa usijichoshe. Jua kwamba mpango wa Ujerumani ulikwama mbele ya Paris Septemba 1914, na mahandaki yakafuata. Jua mapigano makubwa ya Verdun na Somme, huko Ufaransa, 1916. Jua kwamba Italia ilibadili upande 1915, maana swali hilo huwatega wengi. Jua 1917: nyambizi za Ujerumani na kuingia kwa Marekani upande mmoja, mapinduzi ya Urusi upande mwingine. Inatosha.

Siku ya 7 hadi 9: Miaka ishirini ya katikati

Mkiniuliza alama zinapotea wapi zaidi, nitasema hapa. Wanafunzi husoma Vita vya Kwanza wakapumzika, kisha wakaanza Vita vya Pili upya kabisa. Mimi nawataka msome 1919 hadi 1939 kama daraja, tena kwa siku tatu.

Siku ya kwanza ni ya Versailles. Ujerumani ilirudisha Alsace na Lorraine, ikapoteza makoloni yote, jeshi likawekewa kikomo cha watu 100,000, na kifungu cha 231 kikaibebesha lawama ya vita. Fidia ikapangwa 1921 kuwa marki za dhahabu bilioni 132. Jiulize Mjerumani wa kawaida aliyasikiaje haya, huku akiwa hajaona jeshi la adui likiingia Berlin.

Siku ya pili ni ya njaa na hasira. Mwaka 1923 marki ilianguka mpaka noti zikawa hazina thamani ya karatasi yake. Hali ikatengemaa kidogo kwa mikopo ya Marekani, na 1929 mikopo hiyo ikakatika. Kufikia 1932 Wajerumani wapatao milioni sita hawakuwa na kazi. Sasa kupanda kwa Hitler 1933 kunaeleweka. Weka pembeni yake Mussolini, aliyeshika madaraka Italia tangu 1922, na Japani iliyoitwaa Manchuria 1931. Watatu hao ndio utakaowakuta pamoja baadaye.

Siku ya tatu ni ya kushindwa kwa Shirikisho la Mataifa. Soma Ethiopia kwa makini, kwa kuwa ndiyo mahali vita vya Ulaya na Afrika vinapokutana kabla ya 1939. Italia ilivamia, Shirikisho likaweka vikwazo ambavyo havikugusa mafuta, na Mfereji wa Suez ukabaki wazi kwa meli za Mussolini. Juni 1936 Haile Selassie alisimama mwenyewe Geneva kuyalalamikia mataifa, na hayakumsaidia. Machi mwaka huohuo Hitler alikuwa ameshapeleka askari Rhineland, eneo la Ujerumani ambalo Versailles ilikataza kuwekwa jeshi, bila kuzuiwa. Kisha Austria, Machi 1938. Kisha Sudetenland, sehemu ya Chekoslovakia yenye Wajerumani wengi, kwa makubaliano ya Munich ya Septemba 1938. Machi 1939 akaimeza sehemu kubwa ya Chekoslovakia iliyobaki, na 23 Agosti akapatana na Stalin, kiongozi wa Urusi ya Kisovieti. Siku tisa baadaye aliingia Poland.

Funga siku hii kwa zoezi moja: andika sentensi kumi kuanzia "Ujerumani ilitia saini Versailles" hadi "Ujerumani iliivamia Poland", na kila sentensi iwe na neno "kwa hiyo" au "kwa sababu". Usiporuka hata moja, umeiva.

Siku ya 10: Vita vya Pili

Kuanguka kwa Ufaransa Juni 1940. Marubani wa Uingereza kuzuia uvamizi mwaka huohuo. Mwaka 1941 na kadi zako mbili. Halafu mageuzi matatu ya vita: Midway Juni 1942, El Alamein mwishoni mwa 1942, Stalingrad iliyoisha Februari 1943. Normandy 6 Juni 1944. Hitler alijiua 30 Aprili 1945. Baada ya Hiroshima likaja bomu la Nagasaki tarehe 9 Agosti, na Japani ikatia saini kushindwa tarehe 2 Septemba.

Maangamizi ya Wayahudi yasome kwa heshima na kwa usahihi. Watu wapatao milioni sita waliuawa kwa sababu tu walizaliwa Wayahudi. Usiyaandike kama mstari mmoja kati ya athari za uchumi.

Siku ya 11: Lete vita nyumbani

Swali la athari kwa Afrika hurudi mara kwa mara, na ndilo tunalopaswa kulijibu vizuri kuliko mwanafunzi wa London, kwa kuwa ushahidi tunaukanyaga kila siku.

Novemba 1914 Waingereza walishusha Tanga kikosi cha watu wapatao 8,000 kutoka India. Waliokuwa wakiulinda mji walikuwa wachache mno, karibu elfu moja, wengi wao askari Waafrika chini ya kamanda Mjerumani, von Lettow-Vorbeck. Katikati ya mapigano nyuki wakachokozwa mizingani, wakawashambulia watu. Waingereza wakarudi melini wakiacha bunduki na risasi. Von Lettow aliendelea kuzunguka hadi Msumbiji na Rhodesia ya Kaskazini, akasalimu amri Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza.

Lakini andika zaidi juu ya wapagazi. Jeshi halikuwa na barabara, ndorobo waliua wanyama wa mizigo, kwa hiyo vichwa na mabega ya watu vikabeba chakula na risasi. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa, kuhara na malaria. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, ulimini mwetu likawa Kariakoo Dar es Salaam na Kariokor Nairobi. Ukipita sokoni kununua daftari, umepita walipopiga kambi. Mfano mmoja wa namna hii kwenye insha una uzito kuliko hoja tatu za jumla.

Kisha vita vikaisha na ramani ikabadilika. Tanganyika ikaenda kwa Uingereza chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, Ruanda-Urundi kwa Ubelgiji. Kenya, askari wazungu waliotoka vitani wakagawiwa ardhi, na Waafrika wakavishwa kipande, yaani kitambulisho cha lazima kwa wafanyakazi.

Kwa Vita vya Pili fuata askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki: Ethiopia 1941, Madagaska 1942, kisha Burma. Walisikia Mkataba wa Atlantiki wa 1941 ukisema mataifa yana haki ya kujichagulia serikali, wakarudi nyumbani wakakuta kipande kilekile. Waruhiu Itote alipigana Burma, na baadaye akawa Jenerali China wa Mau Mau. Oktoba 1945 Kenyatta na Nkrumah walikuwa Manchester kwenye Kongamano la Pan-Afrika. Upande wa uchumi, kumbuka mkonge: Japani ilipoteka nchi za Asia zilizokuwa zikitoa nyuzi, mashamba ya Tanganyika yakasukumwa yazalishe zaidi, na watu wakalazimishwa kufanya kazi humo.

Siku ya 12 na 13: Andika, kwa saa mezani

Kusoma bila kuandika ni kujidanganya. Andika insha mbili kila siku, kwa muda uleule wa mtihani, halafu mpe mwenzako azisome. Angalia tofauti ya aya hizi.

Ya kwanza: "Mkataba wa Versailles ulisababisha Vita Kuu ya Pili kwa sababu ulikuwa mkali na Wajerumani hawakuupenda."

Ya pili: "Mkataba wa Versailles wa 1919 uliibebesha Ujerumani lawama ya vita, ukapunguza jeshi lake hadi watu 100,000 na kufungua njia ya fidia kubwa. Wajerumani wengi waliuona kama aibu ya taifa. Hitler aliitumia hasira hiyo kuomba kura, na alipopata madaraka 1933 alianza kuvunja masharti ya mkataba moja baada ya jingine, ikiwemo kupeleka askari Rhineland mwaka 1936."

Ya kwanza imetoa maoni. Ya pili ina hoja, ina mwaka, ina idadi, kisha inakufikisha kwenye vita. Pitia aya zako zote ukitafuta vitu hivyo, na palipo na tupu jaza kutoka kwenye kadi.

Kwa kuwa wengi wenu mnajibu kwa Kiingereza, elewa kwanza kwa Kiswahili, simulia kwa Kiswahili, kisha iandike aya ileile kwa Kiingereza chepesi cha sentensi fupi. Weka kurasa mbili za maneno ya lazima, Kiswahili kushoto, Kiingereza kulia: muungano, fidia, kusitisha mapigano, udhamini, uvamizi. Anayekariri Kiingereza asichokielewa, swali likigeuzwa kidogo anapotea.

Diskasheni ni nzuri, ikiwa kila mmoja amekuja na kitu. Gawaneni: wewe Versailles, yule Ethiopia, mwingine wapagazi. Kila mmoja afundishe dakika kumi na wengine wamuulize "kwa nini" mpaka akwame. Kundi la watu wanne linatosha. Likifika nane huwa ni mazungumzo ya mpira.

Siku ya 14 na chumba cha mtihani

Jioni ya mwisho pitia kadi tu, mara mbili, kisha ulale. Aliyekesha huchanganya Munich na Manchester.

Ukishapewa karatasi, soma maswali yote kabla ya kushika kalamu. Kwenye karatasi ya rafu chora mstari mmoja kutoka 1914 hadi 1945, weka tarehe zako kumi na mbili. Inachukua dakika tatu na itakusaidia kwenye kila swali, hasa lile la kupanga matukio kwa mfuatano. Anza na insha unayoijua zaidi. Swali likisema eleza sababu sita, andika sita, kila moja na aya yake, na ile yenye nguvu itangulie.

Bakiza dakika tano za mwisho kwa ajili ya miaka tu. Usisome insha upya, pitisha macho kwenye tarakimu. Mikono ikichoka 1914 huandikwa 1941, na 1919 huwa 1939. Anza kukagua hizo.